Upande wa Yuster

Ng'ombe wa kulimia hafungwi ovyo. Wa kushoto ni wa kushoto mpaka siku anachinjwa. Ukimhamishia kulia kwenye nira anasimama tu, anageuza kichwa anakutazama, na hata umchape mpaka mkono wako uchoke hatakupa mstari mmoja ulionyooka. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma, na kusoma kwenyewe niliishia darasa la nne. Nalitanguliza kwa sababu watu wa hapa Rusumo mpakani bado wanaulizana mlinzi wa geti aliwezaje kuwafunga mawakala wa forodha kwenye mchezo wa Wazungu. Niliwafunga kwa akili ya nira.

Mchezo ni besiboli, wa kwenye simu. Aliuleta Elick, wakala wa kutoa mizigo, kijana aliyesoma Dar es Salaam kwenye shule iliyokuwa na walimu wa nje. Hapa kwenye yadi lori linaweza kukaa siku tatu likisubiri karatasi, na watu wanasubiri nalo. Elick akawawekea wenzake mchezo kwenye simu, wakaanzisha ligi ya watu sita. Wa sita akahamishiwa Kabanga. Ndipo Elick akaja kibandani kwangu.

"Mzee Bulugu, shikamoo. Kuna nafasi, njoo ujaze."

"Marahaba. Nafasi ya nini?"

"Ya kufungwa. Ligi haiendi bila mtu wa kufungwa."

Nikakubali. Mchana wa getini ni mrefu.

Kwenye mchezo huo wewe hukimbii wala hupigi. Wewe ndiye mkubwa. Unachagua nani acheze, wapi na lini, halafu simu inacheza yenyewe, nawe unatazama. Mmoja anarusha mpira, wa upande wa pili anaupiga kwa gongo. Akipiga vizuri anakimbia vituo vinne, akirudi pale alipoanzia timu inapata alama. Akikosa mara tatu anatoka. Wakitoka watatu mnabadilishana, na kila timu ikishapata zamu tisa mchezo umekwisha. Basi. Pembeni ya kila jina kuna herufi, L wa kushoto, R wa kulia.

"Hizo mzee usizichanganye," Elick akaniambia, "maana mdomoni mwako rori na lori ni gari moja."

"Mdomoni nachanganya," nikasema. "Kwenye nira sijawahi."

Wiki ya kwanza nilifungwa kila siku. Wiki ya pili nikaanza kutazama zile herufi. Nikaona mpigaji wa kushoto akikutana na mrushaji wa kulia anauona mpira kama embe. Akikutana na mrushaji wa kushoto mwenzake, anapiga upepo. Wa kulia naye ni hivyo hivyo, kinyume chake. Wenzangu walikuwa wanachukua mpigaji mmoja mwenye namba kubwa, wanamkalisha msimu mzima, kazi imfae isimfae, kama mtu aliyepewa cheo na mjomba wake. Mimi nikaokota wale waliotupwa. Kila nafasi nikaitafutia watu wawili, mmoja wa kushoto, mmoja wa kulia. Siku ya mrushaji wa kulia anaingia huyu, siku ya mrushaji wa kushoto anaingia yule. Mmoja mmoja hawakuwa kitu. Wawili wawili walikuwa jozi, na jozi inavuta.

Mpaka mwezi wa tatu nilikuwa na jozi sita, na hakuna aliyekuwa anacheka tena.

Majina ya mchezo sikuweza kuyasoma, lakini simu inakuruhusu kuyabadilisha. Nikaweka ya kwetu, upande wa Bisibo, nilikokuwa nalima kabla sijawa mlinzi. Kwenye nafasi iitwayo uwanja wa kushoto nikaweka Yuster, mpigaji wa kushoto. Mwenzake wa jozi nikamwita Kanyange.

Yuster ni mke wangu. Amefariki mwaka wa nne sasa.

Alikuwa mashoto. Mwalimu alimchapa vidole kwa ajili hiyo, na mama yangu, siku ya kwanza kumwona akisonga ugali kwa mkono ule, aliondoka jikoni akaenda kukaa nje. Yuster hakubishana. Alijifunza kumpa mtu kitu kwa mkono wa kulia, lakini jembe alilishika kushoto. Wengi hawakupenda kulima naye kwa sababu majembe yanagongana. Kanyange ndiye aliyemweza. Kanyange ni jirani yetu, wazazi wake walitoka Burundi miaka ile ya vita wakabaki. Yeye analima kwa kulia. Walikuwa wanalichukua tuta moja, huyu upande huu, yule upande ule, udongo unapanda katikati, wanakwenda sambamba wakisengenya watu. Tuta likiisha lilikuwa limenyooka kama limepigwa kamba. Wanaume tulikuwa tunasimama kutazama.

Kwa hiyo nilipowaweka jozi, sikubuni kitu.

Kulikuwa na mmoja mwingine niliyempa jina. Alikuwa mchezaji hovyo wa kulia, wa kukaa benchi. Nikamwita Fabiani.

Fabiani ni mhudumu wa zahanati iliyokuwa karibu nasi. Sitaji jina lake, waliokuwapo wanaijua. Ilikuwa na watu wawili tu, Deodata mkunga, na huyu Fabiani wa kugawa dawa, ambaye kuzalisha hakusomea. Deodata alikuwa na siku zake, Fabiani siku zake. Yuster alikuwa na mimba ya miezi tisa, miguu imevimba, kichwa kinamuuma, anasema anaona nyota mchana. Tulipofika, Deodata alikuwa ameitwa mjini kwenye mapokezi ya wageni. Wakubwa walitaka sare nyeupe zisimame mstari. Gari la wagonjwa nalo lilikuwa huko huko, limebeba viti. Fabiani alimpa Yuster vidonge vya maumivu, akasema tusubiri. Tulisubiri mpaka kifafa cha mimba kikamshika. Alifia kwenye trekta la watu, njia ya Biharamulo, yeye na mtoto.

Nimeisimulia habari hiyo kila mahali. Kwa mtendaji, kwa diwani, kwa padri, kwa madereva wa lori wasionijua. Kila nikiimaliza nasema waliomuua Yuster ni waliopanga zamu ile. Watu wanatikisa kichwa, wanasema wakubwa ndivyo walivyo.

Kwa hiyo Fabiani nilimweka benchi msimu mzima. Hakugusa gongo.

Tukafika fainali. Mimi, na Sostenes.

Sostenes ndiye msimamizi wa yadi. Anaajiri na kufukuza, na kwa kuwa intaneti ni ya ofisi yake, mwenyekiti wa ligi pia ni yeye. Jumanne asubuhi alishuka getini mwenyewe, mikono mfukoni. Elick alikuwa kwangu na kikombe cha chai.

"Bulugu, timu yako ina watu wengi wasio na kazi."

"Kazi wanayo, bosi. Kila mtu na siku yake."

"Ishirini na watano ni wengi. Tumekaa kikao, kila timu ibaki na ishirini."

"Kikao kipi? Mimi si mwanaligi?"

"Ulikuwa zamu."

Elick akatazama chai yake.

"Fainali si keshokutwa, bosi?" nikauliza.

"Ndiyo maana nakwambia leo," Sostenes akasema. "Na tumeongeza nogesho. Atakayeshinda atachukua mchezaji mmoja kwa aliyeshindwa. Yeyote anayemtaka. Sheria ya wote, ukinifunga chukua kwangu." Akacheka. "Mimi nimeshachagua. Namtaka yule Yuster wako. Mwanamke anapiga yule!"

"Bosi," Elick akaanza, "yule ni…"

Nikamkanyaga mguu. Elick alijua. Sostenes hakujua, yeye aliona jina tu. Ningesema neno moja pale angechagua mwingine. Sikulisema. Sikutaka kumwomba mkubwa anirudishie mke wangu mara ya pili.

Alipoondoka, Elick akasugua kiatu. "Sasa mzee?"

"Sasa namfunga."

Kutoa watu watano kwenye timu ya jozi ni kuvunja nira. Wenye timu za mtu mmoja kila nafasi hawakuumia, walitoa makapi. Mimi nilikaa na simu mpaka saa nane mchana. Wanne nikawatoa. Wa tano akawa ama Kanyange, ama Fabiani.

Tecla, mama wa chai pale yadi, alikuwa anakusanya vikombe. Alikuwa ameujua mchezo kwa kutuchungulia mabegani. "Hapo unafikiria nini, Baba Happyness? Huyo Fabiani amecheza lini?"

"Hajacheza."

"Mtoe."

"Nikimtoa ataokotwa, atacheza kwa mtu."

"Si acheze?"

"Hapana. Akae hapo hapo awaone wenzake."

Tecla akaweka vikombe chini. "Unalisha ng'ombe usiyemfunga."

"Ni wangu."

"Ni katuni, baba. Hata njaa haisikii."

Nikamtoa Kanyange. Kabla Tecla hajamaliza kuosha vikombe, Elick alikuwa ameshamwokota. Alinitumia ujumbe, Samahani mzee, nikimwacha bosi atamchukua.

Alhamisi saa sita mchana walitoa televisheni ya ofisi wakaiweka barazani. Foleni ya forodha ilikuwa imesimama tangu asubuhi, madereva wakaja kutazama, wengine hata hawajui ni mchezo gani. Sostenes alikaa kwenye kiti cha ofisini. Mimi nilisimama, kwa sababu getini pia nilitakiwa kuona.

Alianza na mrushaji wa kulia. Nikasema moyoni, asante. Yuster alipiga wa kwanza, mpira ukaenda mbali, mmoja wangu akarudi nyumbani. Akapiga tena mara ya pili. Madereva wakaanza kuuliza huyo ni nani, wakaanza kuliita jina lake. Yuster! Yuster! Sikuwahi kulisikia jina hilo likiitwa na watu wengi hivyo isipokuwa makaburini. Tulikuwa mbele tatu kwa moja, na nilikuwa natabasamu, Tecla aliniambia baadaye. Mimi sikujua.

Walipofika zamu ya saba Sostenes akaegemea mbele, akabonyeza simu yake, akaingiza mrushaji wa kushoto. Zamu ya nane akamwingiza mwingine wa kushoto. Alikuwa amewapanga. Alikuwa ameisoma orodha yangu, akaona jozi zimevunjika, akajua upande uliobaki wazi. Wapigaji wangu wa kushoto wakaanza kupiga upepo mmoja baada ya mwingine, na yeye akapata tatu.

Zamu ya tisa. Nne kwa tatu, yeye yuko mbele. Wangu wawili wamekwishatoka, lakini wengine wawili wako vituoni, na mpira mmoja ukipigwa mbali nashinda. Anayefuata kupiga ni Yuster. Anayerusha ni wa kushoto.

Simu hapo inakupa dakika moja ya kubadilisha mtu. Inakuonyesha na namba. Dhidi ya mrushaji wa kushoto, Yuster, katika mara kumi, anapata moja. Kwenye benchi alikuwa amebaki mmoja wa kulia. Fabiani. Katika mara kumi, tatu.

"Mzee, badilisha," Elick akasema.

Nilikuwa nimeshika simu kwa mikono miwili.

"Mzee Bulugu. Tatu ni zaidi ya moja. Badilisha."

"Amwingilie Yuster?"

"Amsaidie!"

"Huyu?" nikasema, na nadhani nilisema kwa sauti kubwa, maana madereva waligeuka. "Huyu aingie mahali pa Yuster?"

"Sekunde ishirini," Sostenes akasema, hakuwa anacheka.

Tecla alikuwa nyuma yangu. Alisema polepole, "Baba Happyness, wewe ndiye mwenye kupanga hapa. Hakuna mwingine."

Dakika ikaisha. Yuster akabaki.

Mpira wa kwanza aliukosa. Wa pili aliukosa. Wa tatu ulipokuja hata gongo hakulitikisa, alisimama tu kama ng'ombe aliyefungwa upande usio wake, mpira ukapita, ikahesabiwa kukosa kwa tatu. Madereva wakasema aah, wakarudi kwenye malori yao.

Sostenes alisimama akanipa mkono. Kisha akashika simu. "Sheria ni sheria. Namchukua Yuster." Kwenye orodha yangu jina likapotea, mstari ukabaki mweupe.

Ndipo Elick akalisema. "Bosi, Yuster ni mkewe. Marehemu."

Sostenes akanigeukia. "Kwa nini hukuniambia, mzee wangu?"

Nikaitia simu mfukoni.

"Simu hairuhusu kumrudisha mpaka msimu ujao uishe. Lakini msimu ukiisha…"

"Sheria ya wote," nikasema, nikaenda kufungua geti, na hapakuwa na lori getini.

Nilidhani ningemchukia. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Jumatatu msimu mpya ulipoanza Elick akanionyesha timu ya bosi. Sostenes alikuwa amembadilisha Yuster jina, ameandika namba tu, kumi na nne. Alisema si vizuri kumchezea marehemu wa mtu. Na amemtafutia mwenzake wa kulia. Siku ya mrushaji wa kushoto, kumi na nne anapumzika. Siku ya mrushaji wa kulia anaingia, na anapiga.

"Amekuiga, mzee," Elick akasema, akitaka nifurahi.

Nilikaa kibandani, na lile jambo likaja lenyewe, kwa sababu lilikuwa limekaa mlangoni miaka minne.

Jumapili jioni, siku mbili kabla ya ile siku ya zahanati, Deodata alipita nyumbani kwetu akitoka kanisani. Alimshika Yuster miguu, akabonyeza, kidole kikaacha shimo. Akamwambia, "Mama Happyness, njoo kesho Jumatatu, nipo. Jumanne wameniita mjini, atabaki Fabiani, na hii si kazi ya Fabiani." Alisema waziwazi, na Yuster akanieleza akinipakulia chakula. Nikasema Jumatatu nina nira ya kuazima, robo ya shamba haijalimwa, mwenye ng'ombe anawataka jioni. Tutakwenda Jumanne alfajiri. Kanyange alikuwa amekaa pale pale. Akasema yeye ana baiskeli, anaweza kumpeleka. Nikamwambia mke wangu hapelekwi na jirani kama mjane.

Jumatatu nililima. Mistari ilinyooka. Ng'ombe wa kushoto nilimfunga kushoto, wa kulia nikamfunga kulia.

Wakubwa walikosa, na nitasema hivyo mpaka nife. Gari la wagonjwa si la kubeba viti. Lakini Jumatatu ilikuwepo, na Deodata alikuwepo Jumatatu, na mimi katika kusimulia kwangu kote, kwa mtendaji, kwa diwani, kwa padri, huwa naanzia Jumanne.

Kanyange anajua. Miaka minne hajamwambia mtu. Nikienda Bisibo kumwona mwanangu Happyness kwa bibi yake, Kanyange ananisalimia ng'ambo ya shamba, na bado analima tuta upande mmoja tu, upande wa pili ameuacha unamomonyoka.

Timu yangu ina watu kumi na tisa. Kila nikifungua simu inauliza swali lile lile, uwanja wa kushoto nani, na chini yake inaniwekea jina moja, kwa kuwa ndiye pekee aliye benchi bila nafasi. Fabiani. Inasubiri nibonyeze ndiyo au hapana. Elick anasema nisipojibu mpaka Ijumaa watanitoa kwenye ligi.

Leo ni Alhamisi. Nimeiweka simu juu ya meza, kioo kikitazama chini. Lori la saruji limefika getini, dereva anapiga honi, na nadhani amepiga muda mrefu.